Maji Niliyoyameza Kabla ya Safari

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea simu iliyoanguka kwa ndoo ya deki. Mimi natengeneza simu hapa Voi, kibanda kidogo tu, na kazi hii hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu za kwangu kwanza. Sasa nikafungua ile simu, nikainua kifuniko cha nyuma, na kabla hata sijaangalia kutu iko wapi, harufu ikanipiga puani. Ile sabuni ya waridi ya kusugulia sakafu, inayonukia kama peremende imechanganywa na dawa ya hospitali. Bisibisi ikaniponyoka, nikarudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Mwenye simu akauliza kama nina malaria. Nilimjibu vibaya, baadaye ikabidi nimwombe msamaha. Lakini ningemwambia nini? Kwamba sabuni imenishika shingo ikanirudisha nikiwa na miaka tisa, nchi ya watu, nimekamata shati la kaka yangu kwa nguvu mpaka kifungo kimekatika?

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Wengi wetu tulilelewa na nyanya, na mama alikuwa sauti ya Jumapili. Wangu alikuwa nesi Ulaya. Aliondoka nikiwa na miaka sita, na kuanzia hapo mimi na kaka yangu Mwadime tukakaa Wusi kwa Nyanya, mlimani, kwenye shamba lililosimama wima hivi kwamba ukiangusha boga unaenda kulitafuta kwa jirani. Mwadime ndiye aliyekuwa ananisuka nywele. Alisuka vibaya, laini zilikuwa zinaenda popote, lakini ole wake mtoto aliyecheka. Kuna kijana shuleni alimwita Mwadime "mama fulani" kwa sababu alikuwa anakuja kunichukua jioni. Nilimrukia huyo kijana nikamng'ata sikio. Mwalimu akaniuliza kama nimejuta nikamwambia bado.

Na Mama nilikuwa nimemkasirikia. Hiyo nilikuwa sijamwambia mtu. Simu ikipita mkono kwa mkono ikinifikia nilikuwa nasema "mzima" halafu nairudisha. Watu wakasema mtoto ana haya. Haya gani. Siku aliyoondoka aliniambia anaenda sokoni Wundanyi, atarudi na mkate.

Baada ya miaka mitatu karatasi zetu zikatoka, mimi na Mwadime twende kukaa naye. Mwadime alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne juzi tu. Pasipoti zilikawia sana kurudi, na ziliporudi viza iliyobandikwa ndani ilikuwa na siku chache. Tarehe ya kusafiri iliyopatikana ikaangukia siku ileile ya mwisho. Ukifika leo umeingia. Ukifika kesho, karatasi imekufa, anza upya, na hakuna aliyejua kama upya kungekuwa na "ndio" nyingine. Jambo hili Mwadime alinieleza mara nyingi, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Tiketi zilikuwa mbili, za kampuni mbili za ndege ambazo hazijuani. Jamaa aliyetukatia alisema hakuna shida, mnashuka, mnapanda.

Jioni moja kabla ya kuteremka Voi, Nyanya akatuita uani. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa kabisa, kitambaa cheupe, kwaya ya akina mama, kila kitu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake kwenda mbali bila kutasa. Kwa asiyejua: unachukua maji mdomoni, unataja kilicho moyoni mwako juu ya mwenzako, halafu unayapuliza chini, pfuu, na hasira inatoka nayo. Nyanya aliamini hasira ikibaki ndani ya mtu wa nyumbani haikai kimya. Inatoka inatangulia mbele ya msafiri na kumfungia njia. Kwa hivyo kibuyu cha maji kilizunguka kwa kila mtu. Mjomba akasema Mwadime aliwahi kumpotezea jembe na bado lilikuwa linamuuma, akapuliza, watu wakacheka. Shangazi akapuliza. Nyanya mwenyewe akasema anatukasirikia kwa sababu tunamwacha na mbuzi wenye kiburi, akapuliza mpaka tukalowa miguu.

Zamu yangu ikafika. Nikachukua maji. Nikamwona Mama kichwani, na kikapu chake cha sokoni.

Nikameza.

Hakuna aliyeona isipokuwa Mwadime. Aliangalia koo langu, akaniangalia machoni, halafu akapokea kibuyu akakipitisha kwa mwingine. Nyanya alikuwa anasema, kama anavyosema kila mara, kwamba anayemeza amefunga njia ya wenzake. Sikulala vizuri, lakini kusema nikashindwa.

Ule uwanja wa ndege wa katikati, nchi yenyewe siitaji, sina haja ya kesi. Tulishuka asubuhi. Ndege ya pili ilikuwa saa nane mchana. Watu wakaenda kushoto, na sisi tukaenda kushoto, maana huo ndio ulikuwa ujuzi wetu wote wa safari. Mwadime alikuwa ameangalia karatasi tuliyopewa ya begi letu akaona jina lililoandikwa ni la uwanja huu tu, haliendelei. Maana yake lazima tulifuate begi, tulichukue, tulipeleke sisi wenyewe kwa kampuni ya pili. Na njia ya kwenda kwenye mabegi ilipita kwenye madirisha ya maofisa wa uhamiaji.

Ofisa wetu alikuwa na sauti ya upole, na huo upole ndio ulinitisha. Akapekua pasipoti yangu mbele mpaka nyuma, nyuma mpaka mbele, kama mtu anayetafuta upele kichwani. Mwadime alikuwa anamjibu kwa Kiingereza cha insha, sentensi nzima nzima, na mikono ameiweka nyuma. Sikuelewa yote, mengine alinieleza baadaye. Ofisa alitaka viza ya kupitia pale. Mwadime akamwonyesha ile ya Ulaya. Ofisa akasema hiyo ni ya huko, yeye anataka ya hapa. Mwadime akasema hapa hatuingii, tunachukua begi tu halafu tunaondoka. Ofisa akasema kuchukua begi ndiko kuingia. Kuingia ni viza. Viza hamna. Akaweka pasipoti zote mbili kwenye droo, akatuonyesha viti vya pembeni kwa kidole.

Kwenye viti kulikuwa na mwanaume mmoja amelala, amelalia viatu vyake. Alipoamka Mwadime akazungumza naye kidogo, akarudi kukaa. Akaniambia ni mambo ya karatasi tu, itaisha sasa hivi. Lakini midomo yake ilikuwa imekauka, na mkono wa shati alikuwa anaukunja, anaukunjua, anaukunja. Yule mwanaume alikuwa amemwambia amekaa hapo tangu juzi, na kwamba mtu akishakalia viti hivi, ndege inayofuata anayopanda ni ya kumrudisha kwao.

Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Tatu na nusu. Nne. Nne na nusu. Kila mara Mwadime akisimama kwenda dirishani, ofisa alikuwa anainua kiganja bila kumwangalia, na Mwadime alikuwa anarudi. Sijawahi kumwona kaka yangu akirudishwa hivyo. Kule kwetu alikuwa mtu wa kubeba gunia la viazi mlima mzima akiimba. Hapa alikuwa mwembamba, na nikaona kwamba suruali yake ya safari ilikuwa fupi.

Na mimi nilikuwa najua shida iko wapi. Wao walikuwa wanasema viza, droo, begi. Mimi nilikuwa nahisi yale maji. Yalikuwa yamekaa hapa, chini ya kifua, baridi kama jiwe la mtoni, tangu Wusi. Nimefunga njia. Si Mama atakayelia, ni Mwadime atakayerudishwa Wusi kama mwizi, na ni mimi niliyemfunga. Niliogopa mpaka masikio yakawa yanalia.

Kulikuwa na bomba la maji ya kunywa karibu na choo. Nikamwambia Mwadime nina kiu. Nikajaza mashavu, nikajaza na kichupa chetu cha safari, na nikarudi nikitembea polepole nisimwage. Chooni sikutaka. Niliona kitu kama hiki kinafanywa mbele ya njia yenyewe. Nikasimama katikati, mbele ya dirisha la ofisa, kwenye ile sakafu unayojiona uso, nikapuliza. Pfuu. Yakaruka mbali kuliko nilivyotaka. Halafu nikasema kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti, maana Nyanya alikuwa anasema usinong'one kama mchawi:

"Mama, nimekukasirikia. Ulisema unaenda sokoni."

Watu wakarudi nyuma kama nimetapika nyoka. Mama mmoja akamfunika mtoto wake uso. Ofisa akasimama, akavaa kitambaa cha mdomo, akashika redio akaanza kuongea, na katikati ya maneno yake nikasikia moja nililolijua, hospitali. Walifikiri nina ugonjwa. Mwadime alikuja mbio, akapiga magoti, akavua sweta yake akaanza kupangusa sakafu, huku anawaambia samahani, samahani, si mgonjwa. Nikangoja kofi. Ningekuwa mimi ningejipiga.

Akaniangalia kutoka pale chini. Akaniuliza kwa Kidawida, polepole:

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Basi maliza."

Nikanywa kwenye kichupa, nikapuliza tena, mara hii karibu na miguu yangu. Nikasema nimemkasirikia na yeye pia, kwa sababu alifurahi tulipopata karatasi, na mimi nilitaka tumsusie Mama wote wawili. Mwadime akasema sawa, imetoka. Akasema kwa uso mkavu kabisa, kama mzee anayefunga kikao, na sweta yenye maji mkononi.

Hapo ndipo ile harufu ilipokuja. Dada mmoja na ndoo ya magurudumu, amevaa sare ya kijani, akasukuma deki mpaka kwenye vidole vyangu. Kwenye kifua paliandikwa Nakijwa. Bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili kabisa, akauliza huyu mtoto anatapika au anafanya mambo ya wazee. Mwadime alikamua sweta kwa aibu. Mimi nikamjibu nafanya mambo ya wazee.

"Mimi mtu wa Same," akasema, "huko nyuma ya Taveta yenu, lugha yenu naisikia. Bibi yangu alikuwa anapuliza pombe. Haya, sogeeni, nijifanye nasugua. Mbona mmekaa hapa?"

Mwadime akamweleza haraka haraka. Nakijwa alikuwa anasugua palepale pakavu, mara ya tatu, mara ya nne, anasikiliza. Halafu akasema sisi tumejifunga wenyewe kwa kufuata begi. Akasema kuna ghorofa ya juu, upande huu huu wa ndani, kaunta ya wanaobadilisha ndege. Pale unaonyesha tiketi, unapewa kadi ya kupandia, huvuki dirisha lolote, na hakuna anayekuuliza viza ya hapa. Mwadime akasema lakini pasipoti ziko kwa yule bwana.

"Mwambie hamtaki kuingia. Mwambie begi mnaliacha. Ukisema begi, yeye anasikia kuingia. Usilitaje tena."

Mwadime akauliza kama hakuna mtu wa kulileta. Nakijwa akasema yupo, ila wa zamu ya jioni, na ndege yetu itakuwa imeondoka. "Na mimi sijawaambia kitu, mdogo wangu, nina watoto," akasema. Akasukuma ndoo yake akaenda. Sikumwona tena, na mtu akimtukana mfagiaji wa sakafu popote duniani, tutagombana.

Wahudumu wawili wa afya wakaja, wakanipima joto na kunimulika mdomoni, wakaniona mzima, wakaenda. Mwadime akasimama dirishani. Safari hii kiganja kilipoinuliwa hakurudi. Alisema kwa sauti ya kawaida, mikono ikiwa mbele, na ofisa akamsikiliza. Wakaongea. Ofisa akatoa fomu. Halafu akanyoosha kalamu kuonyesha kule nyuma, na nyuma kule, mimi ndimi niliyekuwa nimekaa. Nikamsikia akisema kitu na Mwadime akageuka akaniangalia, muda mrefu.

Mimi nilielewa hivi: wamemwambia aache kitu kimoja, na kitu chenyewe ni mimi. Mgonjwa. Mtoto wa kupuliza maji. Yeye apite, mimi nibaki kwenye viti na yule mtu wa viatu. Na nikaona ni haki, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimemeza. Mwadime akashika kalamu. Akaiweka juu ya karatasi na mkono ukasimama. Nikahesabu kimoyomoyo, nikafika ishirini na kitu. Ofisa akaangalia saa yake. Halafu Mwadime akaandika jina.

Alipokuja kunishika mkono nilimng'ata. Si kidogo. Nilimng'ata chini ya dole gumba mpaka nikaonja chumvi, na nikang'ang'ania pale. Hakupiga kelele. Alinyoosha ule mkono mwingine, akaniinua pamoja na meno yangu, akanipeleka kwenye ngazi za umeme, na ndipo nikaona pasipoti zimebanwa kwapani, zote mbili. Nikaachia.

"Twende," akasema. "Unaniuma ukikimbia pia?"

Tulikimbia. Kaunta ilikuwa palepale aliposema Nakijwa. Msichana wa pale akatoa kadi mbili kama anatoa maandazi, hakuinua hata macho, na nilitaka kumgombeza kwa kufanya ionekane rahisi hivyo. Ndani ya ndege bado niliogopa. Kila mhudumu aliyepita nilifikiri anakuja kutushusha. Nilikaa nimeshika ule mkono wenye alama za meno yangu, nikiufunika asiuone mtu.

Tukafika kabla ya siku kuisha. Kule wakagonga muhuri, mara mbili, tap, tap. Mama alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliuliza mizigo iko wapi, na Mwadime akasema tulikuja bila, tulikuwa na haraka. Nilimsalimia Mama kwa mkono. Ilichukua miezi mingine nimkumbatie, lakini hiyo ni yetu mimi na yeye, na Ulaya yenyewe baadaye niliiacha, mtu asiniulize.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipojua kilichokuwa ndani ya lile begi aliloliacha kwa kusaini ile fomu. Mama alikuwa anagombana na Mwadime kwamba mbona wenzake wanasoma na yeye anapanga maboksi kwenye bohari mwaka wa tano. Nikasikia wanazungumzia karatasi zake za shule. Zote. Matokeo ya kidato cha nne, barua ya kumaliza, cheti cha kuzaliwa, vyote alivipanga chini ya begi ndani ya plastiki visilowe. Lile begi halikupatikana tena. Kupata nakala kutoka nyumbani, kwa barua na kwa watu wanaosema kesho, kulichukua miaka, na zilipofika yeye alikuwa ameshazoea maboksi. Siku ile nilimkaripia Mama kwa sauti ambayo bado majirani wanaikumbuka. Na mpaka leo, mtu wa Voi akikaa kwenye benchi yangu akaanza ati wale walio nje wamekaa tu, hawana maendeleo, simu yake itatengenezwa mwisho.

Baada ya yule mama kuchukua simu yake, nilimpigia Mwadime. Kwake ilikuwa mapumziko ya chakula, nilisikia watu wanacheka nyuma. Sikuwa nimemuuliza miaka hii yote. Nikamuuliza: pale dirishani ulishika kalamu muda mrefu hivyo, ulikuwa unafikiria nini?

Akatafuna kwanza, akameza.

"Nilikuwa nasoma tu ile fomu," akasema. "Kiingereza chao kilikuwa kigumu."

Mwadime huyuhuyu wa Kiingereza cha insha. Nikamwambia amalize chakula, kitapoa.